Waya Uliokatiza Ukuta wa Mama

Wengine wakikasirika hupiga kelele. Randa alikuwa akikasirika anazidi kunyamaza, na waliomjua walianza kuogopa pale alipoanza kujibu kwa neno moja moja. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya randa ya mbao aliyokuwa haiachi nyumbani hata akienda kutazama bawaba ya mlango tu. Alikuwa seremala, mwanamke mfupi wa mabega mapana, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi yake, mpaka siku alipokwenda kufunga kabati jikoni kwa mama yake mzazi.

Kabati alilitengeneza mwenyewe, la milango miwili, na ndani aliweka rafu nyembamba ya vikombe kwa sababu mama alikuwa amechoka kuvipanga juu ya friji. Kabla ya kutoboa ukuta alifanya kama anavyofanya siku zote: alitazama swichi iko wapi, soketi iko wapi, bomba linaingilia wapi. Waya wa umeme una adabu zake. Hupanda wima kutoka kwenye soketi, au hushuka wima mpaka kwenye swichi, au hulala sawa kule juu karibu na dari. Juu ya sinki la mama hapakuwa na swichi wala soketi. Basi akapanda kwenye stuli, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye sinki la bati, akabonyeza drili.

Ilizama kidogo tu. Ukatoka mwale wa buluu na mlipuko mkavu, na kilichofuata Randa hakukiona. Alipojielewa alikuwa sakafuni, nyonga inauma, vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua mpaka ngozi imejikunja. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kichwa.

Fundi umeme wa nyumba ile alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ndiye aliyesuka nyaya zote mama alipoikarabati nyumba. Alifika upesi kuliko alivyowahi kufika kwa jambo lolote, akachimba kidogo, akaunga, akapiga plasta na kupaka rangi, yote hayo kabla Randa hajarudi kutoka zahanati.

Jioni ile walikaa sebuleni wote wanne. Shemeji alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye kicheko kinachokuja kabla ya mzaha wenyewe.

"Fundi wa siku hizi hatoboi ukuta kwa kukisia," alisema. "Kuna vipimo. Unapitisha ukutani, kinakwambia hapa pana waya, hapa pana bomba, hapa pana mbao. Yeye kashika drili kama anachimba shimo la nguzo."

Mdogo wake Randa akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja.

"Waya ulikuwa unafanya nini juu ya sinki?" Randa akauliza.

"Waya hupita panapopitika, shemeji."

Randa akamgeukia mama, akingoja neno. Mama alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena.

"Na wewe mwanangu una papara," mama akasema bila kuinua macho. "Tangu utotoni."

Neno hilo lilimwuma kuliko vidole. Papara gani? Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kumaliza kula, wa mwisho kuvaa viatu, mtoto wa kuambiwa fanya haraka.

Maneno hayakuishia sebuleni. Mama alimsimulia jirani, jirani akamsimulia mama wa saluni, na mama wa saluni ndiye aliyekuwa amemwagiza Randa rafu na fremu za vioo kwa ukuta mzima. Akampigia simu, sauti imelegea kwa adabu. "Usinielewe vibaya, mwenzangu. Kwangu watu wanakaa na mashine kichwani. Siwezi kucheza na umeme." Haukupita muda, vijana wa kwenye banda la mbao wakaanza kumwita Mama Shoti. Wa kwanza kumwita hivyo alimwita kwa utani. Randa alimtazama mpaka kijana akaenda kuchukua mbao ambazo hakuna aliyemtuma.

Mama, alipoona binti yake mkubwa hakanyagi tena pale nyumbani, akatoa amri ya wazazi. "Kanunue hicho kipimo. Na uende na shemeji yako, ndiye anayejua mambo ya umeme. Yaishe."

Duka la vifaa lilikuwa refu na jembamba kama korido, linanuka grisi na mpira mpya. Muuzaji alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alipoambiwa wanachotafuta alimtazama shemeji, kwa mazoea. Shemeji akajibu, kwa mazoea pia.

"Tupe cha kawaida tu, kisicho na makuu."

"Anayekinunua ni mimi," Randa akasema.

Muuzaji akavaa miwani, akamtazama upya, akaona bandeji. "Ulitoboa waya?"

"Niliutoboa."

"Pole sana. Basi ngoja nikutolee vyote, uchague mwenyewe."

Aliweka vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni, ndani kina sumaku tu. Hicho hushika misumari na skrubu, na ukishajua misumari imekaa wapi unajua mbao zilizosimama nyuma ya jipsamu ziko wapi. Cha pili kilikuwa kama rimoti ya televisheni iliyonenepa, kina taa ya mbao, taa ya chuma, na taa nyekundu ya peke yake kwa waya wenye umeme. Cha tatu kilikuwa na kioo na magurudumu, kizito kama pasi, kinaona mpaka mabomba ya plastiki. Bei yake muuzaji aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayepasha habari za msiba.

Shemeji akakidaka cha kwanza. "Hiki kinatosha. Wewe ni seremala, shida yako ni mbao na misumari."

"Shida yangu ilikuwa waya."

"Waya utaniuliza mimi."

"Nilikuuliza. Ukaniambia hupita panapopitika."

Muuzaji akakohoa, akainama chini ya kaunta kutafuta betri ambazo zilikuwa juu ya kaunta.

Nyuma yake palikuwa na kipande cha ukuta wa majaribio: jipsamu iliyopigiliwa kwenye mbao, na nyuma yake bomba la chuma, bomba la plastiki, na waya uliounganishwa na taa ndogo inayowaka. Randa akakichukua kile cha sumaku, akakipitisha taratibu. Kilinata kwenye skrubu, kikanata kwenye skrubu nyingine iliyofuata wima chini yake, na kweli mbao ilikuwa hapo. Halafu kikateleza mpaka upande wa pili bila kunata popote.

"Waya uko wapi?" akauliza.

"Umeshaupita," muuzaji akasema. "Ndani ya waya ni shaba. Shaba haishiki sumaku."

"Ila angalau hakidanganyi," shemeji akadakia. "Hivyo vingine ni vya kuogopesha watu tu."

Randa akashika cha pili. Muuzaji akamwelekeza: kilaze ukutani kikae bapa, bonyeza, usikisogeze mpaka kimalize kujipima, na usianzie juu ya mbao, maana ukianzia juu ya mbao kitadhani ukuta wote uko hivyo. Akafanya hivyo. Taa ya mbao ikawaka pembeni mwa mbao na kuzima upande wa pili, safi kabisa. Akaendelea kuelekea kwenye waya. Taa nyekundu ikawaka, na kadiri alivyosogea ikabaki inawaka, ikawaka mpaka nusu ya ubao, pamoja na mahali ambapo kila mtu aliona hapana waya.

Shemeji akapiga makofi, akacheka. "Si nilisema? Kinawaka popote. Ukiwa nacho utaogopa kutoboa hata ukuta wa choo cha nje. Mama wa duka, mfungie kile kidogo, nitalipa mimi. Ni zawadi ya kumpa pole."

"Bado," muuzaji akasema. "Dada, weka mkono wako mwingine ukutani. Kiganja wazi, mbali kidogo na kipimo. Rudia."

Randa akaweka kiganja chenye bandeji ukutani, akarudia. Safari hii taa nyekundu ikawaka sehemu nyembamba tu, upana wa vidole viwili, na kuzima. Akarudia kutoka upande wa pili, ikawaka palepale.

"Ukuta mkavu hubeba umeme wa juujuu," muuzaji akaeleza, "kama nguo ya nailoni unapoivua. Mkono wako unauondoa. Lakini usikifanye mganga. Waya usio na umeme hakiuoni, ulio ndani ya bomba la chuma hakiuoni, na ukuta wenye unyevu kitaupigia kelele ovyo. Unapotafuta, acha umeme uwake. Unapotoboa, zima. Na kikinyamaza usikiamini haraka. Mimi mume wangu wa kwanza alikuwa mkimya hivyohivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, Randa alikaribia kucheka. Akakinyanyua cha tatu, akakisukuma kwa magurudumu yake, akaliona bomba la plastiki likitokea kwenye kioo kama kivuli. Alikitamani. Lakini nyumba nyingi alizofanyia kazi zilikuwa na mabomba ya chuma, na mkono wake ule usingeweza kukishikilia juu ya kichwa. Akakirudisha, akabaki na cha pili mkononi.

Shemeji akamsogelea, akashusha sauti. Kicheko kilikuwa kimekauka.

"Shemeji, nisikilize kama ndugu. Hivi vya kutafuta waya vinaleta ugomvi kwenye nyumba za watu. Unapima, kinawaka, mwenye nyumba anaanza kumtafuta fundi wake. Watu wanagombana bila sababu."

"Nyumba gani?"

"Nyumba yoyote. Nasema tu."

Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, na ndani ya duka lile feni ilikuwa inapuliza mpaka karatasi zinapeperuka. Randa alimtazama. Hakuelewa yote, ila alielewa ya kutosha. Alimkumbuka akipiga plasta ile kwa haraka. Alikumbuka rangi mpya jikoni, yeye akiwa bado amepanga foleni zahanati.

"Nifungie hiki cha pili," akamwambia muuzaji. "Na betri za akiba."

Walipotoka nje, shemeji akakumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri. Akavuka barabara huku simu iko sikioni tayari.

Aliyempigia alikuwa mama. Randa alipofika, mama alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya jikoni, mikono mapajani, kama anayelinda mlango wa benki.

"Shemeji yako amesema uache mpaka na yeye awepo."

"Aje. Atanikuta."

"Ukuta umeshapakwa rangi, mwanangu. Mambo ya jana ya nini tena?"

Randa akampita. Alianzia kwenye kisanduku cha umeme karibu na mlango wa mbele, kipimo mkono mmoja, kiganja cha pili ukutani, kipande cha chaki mdomoni. Waya wa taa ulipanda wima, kama inavyotakiwa. Waya wa soketi za sebuleni ulipanda wima, ukalala sawa. Wa tatu ulitoka kwenye kisanduku na kuondoka kwa mshazari. Akaweka alama ya chaki. Akasogea, akarudia kutoka juu, akarudia kutoka chini, akaweka alama nyingine. Waya ulipita nyuma ya picha ya marehemu baba yao. Akaishusha picha, akaiegemeza kwenye kochi, akaweka alama pale picha ilipokuwa. Ukaingia jikoni chini kidogo ya dari, ukashuka ukikatiza, ukapita juu ya sinki katikati kabisa ya rangi mpya, ukaendelea kuteremka kuelekea bafuni. Mahali fulani taa ya chuma na taa nyekundu ziliwaka pamoja. Akarudia mara kadhaa, maana hakutaka kuamini. Waya na bomba la maji vilikuwa vimelaliana.

Akarudi nyuma, akatazama. Misalaba ya chaki ilikuwa imekatiza nyumba nzima, kama njia ya panya wa mjini anayejua wapi pa kupita asionekane.

Akashika njia ya kwenda bafuni.

"Huko usiguse koki," mama akasema.

Randa akasimama. "Kwa nini?"

Mama akatazama mikono yake.

"Mama. Kwa nini nisiguse koki?"

"Huwa inang'ata kidogo." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Si kila siku. Siku za mvua zaidi. Mimi navaa ndala, nashika kwa kitambaa."

"Tangu lini?"

"Tangu shemeji yako alipoweka hita ya maji."

Randa alivuta stuli, ileile aliyoipanda siku ya drili, akakaa. Aliuliza taratibu, neno baada ya neno, na mama akajibu taratibu. Ndiyo, alimwona mkwe wake akivuta waya ule wa hita. Alikuwa amebakiwa na kipande, akasema akifuata njia ya juu hakitafika, na maduka yamefungwa. Akasema ni kwa muda tu, atakuja kurekebisha. Hakutia hata yale mabomba ya plastiki ya kuhifadhia waya. Akasema, mama, hili libaki kwetu.

"Na likabaki."

"Mdogo wako alikuwa amerudi hapa na mabegi yake, au umesahau? Ndiyo kwanza walikuwa wanapatana. Ningemvunjia mwanangu nyumba kwa ajili ya waya?"

"Mimi nilipokuwa hapo chini," Randa akasema, akionyesha sakafu, "ulijua ni nini kimenirusha."

"Nilijua."

"Na wakati ananiita mjinga mbele yako, ulijua."

Mama alianza kunyoosha pindo la kanga yake.

"Ukasema nina papara. Ukaenda kumwambia na jirani."

"Nilitaka maneno yaishe upesi."

"Yaliisha, mama. Yaliishia kwangu."

Alitamani kukirusha kile kipimo ukutani kivunjike vipande. Alitamani kusema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, yote, yana makali. Akainuka, akaenda kuzima swichi kuu. Akachukua tindo na nyundo kwenye mfuko wake wa kazi, akaanza kuuvunja ukuta juu ya sinki. Vidole vilivyoungua vilimuuma kwa kila pigo, naye akazidisha kupiga. Plasta mpya ilidondoka kwanza, laini kama keki. Halafu ya zamani. Mama alikaa palepale kitini, vumbi linamtua kichwani, hakusema acha.

Mdogo wake na mumewe walimkuta amefika kwenye bomba la maji. Waya ulikuwa umelala mtupu ndani ya plasta, na pale ulipovuka bomba ulikuwa umeungwa, kiungo chenyewe kimeviringishwa kipande cha mfuko wa nailoni, juu yake utepe wa karatasi uliokwisha kuoza kwa unyevu. Shaba ilikuwa inaonekana.

"Shemeji, ungenisubiri," fundi umeme akaanza. "Nilikuwa na mpango wa kuja kurekebisha, hata mama anajua..."

"Mama anajua nini?" mkewe akauliza.

Mdogo wake Randa akamtazama mumewe, akamtazama mama, akauona ule mfuko wa nailoni, akakumbuka hita iliwekwa siku zilezile aliporudi na mabegi. Hakuwa mjinga. Alikuwa mcheshi tu, na watu huchanganya mambo hayo mawili. Akapita, akaingia bafuni, akatoka ameshika kile kitambaa kilichokuwa kimefungwa kwenye koki.

"Mlifanya hivi kwa ajili yangu?" akamwuliza mama. "Mama aoge na umeme ili mimi niitwe mke wa mtu? Nani aliniuliza?"

"Mwanangu..."

"Na mimi nikamcheka dada. Nilikaa pale nikamcheka."

Randa hakumpa pole. Hakuwa na pole siku ile. Aliendelea kumtazama shemeji. "Na umefanya hivihivi kwa nani na nani wengine? Saluni umeweka wewe umeme."

"Saluni nimefanya vizuri," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza aliongea kama mtu aliyeonewa. "Usinipake matope. Kila mahali nimefanya vizuri. Nendeni mkapime."

"Twende," mkewe akasema.

"Mnakwenda kutuvua nguo mbele za watu," mama akasema kutoka kitini. "Jambo la ndani hili."

Lakini walikwishatoka. Shemeji aliwafuata mpaka kwenye kona, akizungumza, halafu akabaki nyuma.

Saluni ilikuwa imejaa. Mama wa saluni alimwona Randa ameingia na vumbi mpaka kwenye kope, akaweka kitana chini. Randa alimweleza bila kuzungusha: waya wa kwa mama ulikatiza ukuta, umeungwa kwa mfuko, na fundi ni huyuhuyu aliyefanya hapa. Wateja waliokuwa chini ya mashine walizitoa kichwani wenyewe, bila kuambiwa.

Mdogo wake alishika chaki, Randa akashika kipimo. Walipima ukuta wote wa kuwekewa vioo. Kutoka kila soketi, taa nyekundu ilipanda wima. Juu, chini kidogo ya dari, ililala sawa kutoka pembe hadi pembe. Alama za chaki zilijipanga kana kwamba mtu amepiga kamba. Randa akarudia, akitafuta kosa, akajikuta anatamani kosa liwepo. Halikuwepo. Mama wa saluni akawafungulia na boksi la kuungia nyaya. Ndani kila kiungo kilikuwa kimebanwa kwa kibano chake, kila waya ndani ya bomba lake la plastiki.

"Mbona huku kazi ni safi," mmoja wa wateja akasema.

"Ndiyo," Randa akasema.

Walikwenda na nyumba ya pili, ya mwalimu mstaafu, ambako pia alifanya yeye. Safi. Huko hata waya wa hita ulizunguka njia yote ndefu kupitia juu, bila kuunga popote. Walipotoka getini mdogo wake alikaa kwenye ukingo wa mtaro, chaki bado iko mkononi.

"Afadhali angekuwa hajui kazi," akasema.

Randa alikaa pembeni yake. Hasira aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa na mahali pa kwenda: uzembe, ujinga, kipande cha waya kilichopungua. Hii mpya ilikuwa imekosa pa kukaa. Kumbe mtu alizijua adabu zote za kazi yake, akazitunza kwa wageni, na alipofika kwa mama mkwe, aliyekuwa akimwekea chakula pembeni kila anapopita, akaona hapo ndipo pa kukatiza. Kwa sababu ni nyumbani. Kwa sababu nyumbani hawatasema.

Na kweli hawakusema.

Mambo yalikwenda hivi. Fundi mwingine aliitwa, akang'oa waya wote na kuvuta upya, na mama akahamia kwa Randa kwa muda ule ambao nyumba haikuwa na umeme. Mdogo wake hakurudi na mabegi safari hii. Alimtoa mumewe, yeye akabaki. Shemeji alikuja kuomba radhi, akasimama getini kwa Randa na maneno yake matamu, akasema alikosea, ni shetani tu, na mama amekwisha kumsamehe. Randa alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kawaambie ukweli wale vijana wa banda la mbao," akamwambia. "Kwa mdomo wako. Halafu mtaa mzima. Mimi usiniambie kitu."

Shemeji alikwenda banda la mbao, ila huko alisema tu palikuwa na hitilafu, kosa lake hakulitaja. Jina la Mama Shoti liliendelea kusikika hapa na pale, maana uongo ulikuwa umepanda pikipiki na ukweli ulikuwa unakwenda kwa miguu. Mama wa saluni alirudisha ile kazi ya vioo, na juu yake akaleta keki. Randa aliichukua kazi. Keki aliwagawia wateja wa saluni palepale.

Ndani ya nyumba, yeye na mama walikuwa wanapishana kwa adabu. Shikamoo, marahaba, chakula kiko mezani. Mama alijaribu kufua nguo zake za kazi. Randa akazitoa kwenye beseni na kuzifua mwenyewe. Siku moja mchana, Randa akiwa anapiga msasa mguu wa meza uani, mama alitoka akasimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Utanikasirikia mpaka lini?"

Randa alipuliza unga wa mbao, akapitisha kidole gumba kwenye mguu wa meza kutafuta mkwaruzo.

"Sijui, mama," akasema. "Ningejua ningekwambia."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuingia ndani. Alivuta kibao, akakaa kivulini karibu na mlango, na Randa hakumwambia aondoke. Akachukua kipande kipya cha msasa, akaanza mguu wa pili.